Wageni, Wenyeji na Meza ya Marehemu

Tarehe 28 Juni 2023 Wakorea walipunguziwa umri kwa sheria. Kabla ya hapo mtoto alihesabiwa ana mwaka mmoja siku ile ile anayozaliwa, na kila Januari mosi taifa zima liliongeza mwaka kwa pamoja. Aliyezaliwa Desemba 31 aliamka kesho yake ana miaka miwili. Hesabu hiyo ilileta mabishano mengi, serikali ikaamua umri uhesabiwe tangu siku ya kuzaliwa kama kwingineko duniani. Wageni wengi tulishangilia. Tuliamini kwamba lile swali linalotuchosha kuliko yote, "umezaliwa mwaka gani?", sasa litakufa taratibu. Halikufa. Watu wanaendelea kuulizana mwaka kwa sababu wanataka kujua nani amemtangulia nani: nani ammiminie mwenzake kinywaji kwa mikono miwili, nani aanze kula, nani aseme kwa lugha ya heshima na nani ana ruhusa ya kuilegeza.

Mimi ni Mchagga wa Kibosho, Kilimanjaro, na ni Mkatoliki. Nilikuja Seoul kusomea uhandisi wa maji, kazi ikanibakiza. Jumapili baada ya Misa hupita Hyehwa, ambako Wafilipino wana soko lao kando ya barabara karibu na kanisa: samaki wakavu, ndizi, nyama ya adobo ndani ya masufuria makubwa. Hapo tunakutana wageni wa kila namna, na mazungumzo hayakosi kufika kwenye swali moja: ni mila gani ya kwetu ambayo Wakorea hawataipokea kamwe? Mfaransa mmoja, mwalimu wa lugha, husema ni kumwita mkuu wa kazi kwa jina lake tu. Mmarekani hutaja bakshishi. Aliwahi kuacha noti mezani, mhudumu akamkimbilia hadi barabarani kumrudishia. Mama wa Kifilipino anayeuza chakula anasema ni kumkaribisha mpita njia ale unachokula wewe. Mkenya wa Kisumu, anayesomea uzamivu, husema ni kupiga hodi kwa mtu bila kuarifu.

Orodha yao naikubali karibu yote. Sababu wanayoitoa ndiyo inayonishinda kukubali. "Ni watu wagumu," wanasema, "Confucius amewafunga." Lakini nchi hii imepokea kahawa mpaka hakuna mtaa usio na mkahawa. Noeli ni sikukuu ya taifa, na siku ya kuzaliwa Buddha nayo imekuwa sikukuu tangu 1975. Bibi harusi anavaa shela jeupe. Februari 14 wasichana wanawapa wavulana chokoleti, na Machi 14 wavulana wanarudisha zawadi. Watu waliopokea yote hayo hatuwezi kuwaita wagumu wa kupokea.

Ninavyoona, jambo lenyewe ni swali la kale: mtu ni nani? Kwa Mkorea niliyeishi na kufanya kazi naye, mtu hakamiliki peke yake. Ni mdogo wa fulani, mkubwa wa fulani, mtoto wa waliolala makaburini, mzazi wa ambao bado hawajazaliwa. Mila ngeni isiyomtoa kwenye mstari huo huingia, pengine kwa haraka ya kushangaza. Ile inayomtaka asimame nje ya mstari, hata kwa dakika chache, haimpi pa kuweka mikono yake.

Aliyelijaribu hili mbele ya macho ya dunia ni Guus Hiddink, kocha wa Kiholanzi. Akiiandaa timu ya taifa kwa Kombe la Dunia la 2002, aliwaambia vijana waache uwanjani lugha ya kumheshimu kaka mkubwa, maana anayetafuta namna ya adabu ya kumwita mwenzake huchelewa kuomba pasi. Wakaitana majina matupu, na Korea ikafika nusu fainali. Ungetarajia nchi nzima iige. Kampuni kadhaa zimejaribu kweli. CJ iliacha kuitana kwa vyeo tangu mwaka 2000, na huko Kakao wafanyakazi hutumia majina ya Kiingereza ili mkubwa na mdogo waseme kwa usawa. Rafiki yangu yuko kwenye kampuni ya namna hiyo. Mchana kutwa humwita mkuu wake kwa jina la Kizungu. Jioni, kwenye chakula cha pamoja, humpokea glasi kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni anapokunywa. Jina la Kizungu ni kama sare ya kazi: huvaliwa asubuhi, huvuliwa mlangoni.

Kuhusu hodi, Mkenya wetu ana haki ya kusikitika, nami nasikitika naye. Zaidi ya nusu ya kaya za nchi hii zinaishi kwenye maghorofa, na zaidi ya theluthi moja ni kaya za mtu mmoja. Kwenye lifti majirani hutazama namba za ghorofa. Mwaka 2023 serikali ilihesabu watu 3,661 waliofia peke yao, wakagunduliwa baada ya muda. Wazee wa hapa wameniambia kwamba zamani mtu akihamia nyumba mpya aliwapelekea majirani keki za mchele zenye maharage mekundu, mlango kwa mlango, na ndivyo mtaa ulivyomjua. Kumbe tunachokiita mila yetu, ambayo Wakorea hawataipokea, walikuwa nayo wenyewe. Imekufa kwa ujenzi na kwa saa za kazi. Tunapokaa Hyehwa na kusema hodi haitashika kwa kuwa Wakorea si watu wa kutembeleana, tunawasingizia.

Nilianza kuwaelewa vizuri kwenye msiba. Mama wa mkuu wa idara yetu alifariki, tukaenda jioni hiyo hiyo, ofisi nzima, tumevaa nyeusi. Misiba mingi ya hapa hufanyika hospitalini, kwenye kumbi zilizojengwa kwa kazi hiyo, na kwa kawaida huchukua siku tatu. Mlangoni palikuwa na meza, daftari na sanduku. Kila mmoja aliandika jina lake na kutoa bahasha nyeupe yenye rambirambi. Nilisimama pale nikaona meza ya misiba ya nyumbani: daftari lile lile, kalamu ile ile, na kijana wa ukoo aliyekabidhiwa kuandika. Ndani kulikuwa na picha ya marehemu katikati ya maua meupe, na ubani ukifuka. Wenzangu waliinama hadi sakafuni mara mbili mbele ya picha, kisha mara moja mbele ya wafiwa. Wawili kati yetu, Waprotestanti, hawakuinama. Waliweka ua, wakafumba macho, wakaomba. Hakuna aliyewatazama vibaya. Kisha sote tukakaa kula mchuzi mwekundu wa nyama ya ng'ombe, na kwenye chumba cha pili kikundi cha Wakatoliki kilikuwa kikiwaombea marehemu wao kwa sala za kuimba, kwa sauti ya kupanda na kushuka ambayo Roma haikuitunga. Ni mahadhi ya Kikorea, ya zamani.

Kufika kwenye chumba hicho kuligharimu damu, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo swali langu lilipo.

Ukatoliki haukuletwa Korea na wamisionari. Wasomi wa Kikorea waliusoma katika vitabu vilivyotoka China, wakamtuma mmoja wao, Yi Seung-hun, akabatizwa Beijing mwaka 1784, akarudi kuwabatiza wenzake. Walei walianzisha Kanisa lao wenyewe. Lakini Papa Benedikto wa 14 alikuwa amekwisha kupiga marufuku, mwaka 1742, ibada za mababu za Kichina, na mwaka 1790 Wakorea walipomwuliza Askofu wa Beijing, jibu likawa hilo hilo: haiwezekani. Mwaka uliofuata mama yake Yun Ji-chung, mtu wa tabaka la watawala, alifariki. Yun alimlilia na kumzika kwa heshima zote, ila hakusimamisha kibao cha roho yake kwa ajili ya ibada hiyo, na vibao vya mababu akavichoma. Binamu yake, Kwon Sang-yeon, akafanya vivyo hivyo. Dola ilisema: mtu asiye na baba hawezi kuwa na mfalme. Wote wawili walikatwa vichwa Jeonju, Desemba 8, 1791. Nje ya lango la mji ule, mahali walipouawa, leo pana kanisa la Jeondong, la matofali, lililokamilika mwaka 1914. Nimesali humo. Maelfu wengine waliuawa katika miaka mia moja iliyofuata.

Mgeni mwenye akili, angekuwa Seoul mwaka 1800, angeapa kwamba dini hii haitashika Korea. Angekuwa na ushahidi wote mkononi.

Halafu Desemba 1939 Papa Pius wa 12 alilegeza lile katazo. Kuinama mbele ya picha ya mzazi, Roma ikasema, kwaweza kuwa heshima ya mtoto kwa mzazi. Siku hizi, wakati wa Chuseok, mwezi mpevu wa mavuno, parokia yangu huweka meza mbele ya altare yenye matunda na ubani, majina ya marehemu wa parokia yanasomwa, na familia moja moja inakuja kuinama. Na mwaka 2014 Papa Fransisko alipowatangaza Wenyeheri wafiadini 124 pale Gwanghwamun, wa kwanza kwenye orodha alikuwa Paulo Yun Ji-chung, mtu aliyekufa kwa kukataa jambo ambalo leo Wakatoliki wanaruhusiwa. Sidhani kwamba alikufa bure. Alimtii Mungu kwa kadiri Kanisa lilivyomfundisha, na aliyekosea si yeye. Waliokosea ni waliokaa mbali na kuamua kwamba mtoto akiinama mbele ya mama yake ameabudu sanamu.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kinachokataliwa na wenyeji kinakataliwa kwa haki. Huko Daegu, wanafunzi Waislamu walianza kujenga msikiti mdogo karibu na chuo kikuu wanachosoma. Baadhi ya wakazi wakaweka vichwa vya nguruwe mbele ya kiwanja. Mahakama ya Juu Kabisa iliamua mwaka 2022 kwamba ujenzi ni halali, na upinzani ukaendelea. Seoul ina msikiti mkubwa tangu 1976, mlimani Itaewon, na Korea haikupoteza mababu zake kwa hilo. Kusema "mila hii haiingii kwetu" na kumwekea mgeni kichwa cha nguruwe mlangoni ni mambo mawili tofauti kabisa, na Wakristo wa Korea, ambao babu zao waliitwa wageni katika nchi yao, wanapaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Nyumbani Kibosho marehemu wetu wamelala kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Kila Desemba Wachagga tunapanda mabasi kutoka kila mkoa kurudi kwetu, kama Wakorea wanavyojaza barabara wakati wa Chuseok, baada ya kwenda kufyeka nyasi makaburini. Babu yangu, Mkatoliki wa Misa ya kwanza kila Jumapili, hakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kumwaga kidogo chini na kutaja majina. Alifanya hivyo akiwa amegeukia migombani, ili katekista asione. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika mlimani miaka ya 1890 walikuwa na sababu zao za kukataza tambiko, na baadhi ya sababu hizo naziheshimu: kafara za kutoa woga, ramli, vitisho vya waganga. Lakini Mlutheri Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi muda mrefu, aliona mapema kwamba ukoo, ujirani na rika ndiyo misingi ambayo Kanisa lingejengwa juu yake, na kwamba kuibomoa ni kumbomoa mtu. Sisi Wakatoliki hatukumsikiliza vya kutosha. Tulipokea ubatizo, tukafanya vizuri, na babu akaachwa amwage mbege kwa kujificha hadi alipokufa.

Korea ilingoja karibu miaka 150 kati ya jibu la Beijing na kibali. Sitaki Kilimanjaro ingoje hivyo. Naomba hili kwa maparoko na makatekista wa kwetu: Desemba, watu watakaporudi vihambani, na mzee wa ukoo akisimama na kibuyu cha mbege mbele ya makaburi ya wazazi wake, msianze na katazo. Mwulizeni anamwita nani, anamwomba nini, na kwa nini. Msikilizeni mpaka amalize, kisha mpelekeeni askofu majibu yake.