Mas-ala ya Mwenye Lango la Soko

Napenda kuwaeleza ndugu zangu wa pwani mas-ala niliyoulizwa huku Mpanda, nami sikuyajibu upesi kama nilivyozoea kuyajibu mas-ala ya tohara na mirathi.

Mpanda ni mji wa bara, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliowekwa mwaka 2012. Kutoka Dar es Salaam kwa gari moshi, kwa kupitia Tabora na Kaliua, ni zaidi ya kilomita 1,000. Watu wake wengi ni wakulima wa mpunga, mahindi na karanga. Zamani mkulima aliyetaka kujua bei ya mchele huko Dar es Salaam hungoja msafiri. Leo khabari hiyo yaja kwa simu iliyo mfukoni mwake. Walakini simu kuwa mfukoni si sawa na soko kuwa mkononi, na hapo ndipo penye maneno.

Yuko hapa tajiri mmoja, sitamtaja jina, mtu wa safu ya mbele msikitini, ambaye mabati ya madrasa yetu ni sadaka yake. Miaka kadhaa iliyopita alifanya kundi katika simu, akakusanya humo wakulima wa vijijini na wanunuzi wa Dar es Salaam, Mwanza na kwengineko. Mwanzo alichukua ushuru mdogo kwa kila gunia, na watu wakamwombea dua. Soko lilipokua, naye akaanza kununua humo humo. Yeye ndiye aonaye kila bei inayotajwa, na yeye ndiye aamuaye khabari ya nani itangulie na ya nani ikawie. Kisha akaweka sharti: mkulima atakayemwambia mnunuzi kwamba nje ya kundi mzigo wake ni rahisi zaidi, atatolewa. Akatolewa mzee mmoja, na mpunga wake ukalala ghalani mpaka masika, nusu yake ikawa ya panya.

Wakulima wakanijia. Siku ya pili akanijia tajiri mwenyewe, akaniambia, “Shekhe, soko hili nimelijenga kwa mali yangu. Nimemzuia nani asijenge lake?”

Nakiri kwamba niliyatazama mabati kabla ya kumtazama yeye. Nikamwambia nitarejea vitabuni.

Neno lake si tupu. Mtu ana haki katika kitu alichokijenga, wala sharia yetu haimchukii tajiri kwa utajiri wake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji, kwenye mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, kwamba mtu aweza kukaa njiani akafanya biashara pasina kuomba idhini ya mtawala, na kwamba aweza kujitilia kivuli cha jamvi mahali pake. Na aondokapo kwa nia ya kurejea, haki yake haipotei, mpaka akawie hata wateja wake wamkatikie. Yote hayo yana sharti moja: asiwadhiki wapitao. Kwani asili ya njia ni kupita, na kikao ni ziada.

Basi nikajiuliza: alichonacho tajiri wetu ni kikao, au ni njia? Siku alipoanza kilikuwa kikao chake, hapana shaka. Lakini siku ambayo wanunuzi wote wa mpunga wamekuwa hawapiti ila hapo, kikao kimegeuka njia, na mwenye kukaa katikati ya njia hawezi kusema, “nimemzuia nani?” Hii ni qiyasi yangu, na mwenye ilimu zaidi anisahihishe.

Kuna jambo lililo wazi kuliko hilo. Mtume (S.A.W.) amekataza kuitoka misafara na kuipokea nje ya mji, mtu akanunua bidhaa kwa wenyewe kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Kwa madhehebu yetu mauzo hayo yasihi, lakini mnunuzi ana dhambi akiijua haramu hiyo, na muuzaji aliyepunjwa ana khiyari ya kuvunja aijuapo bei. Ndugu msomaji, mwenye kundi aionaye bei ya Dar es Salaam saa mbili asubuhi, akaikawiza mpaka saa sita, na katikati ya saa hizo akanunua gunia mia, ana tofauti gani na huyo aliyeitoka misafara? Yeye hata jua halikumchoma.

Dhulma hii si ya Mpanda peke yake. Umoja wa Ulaya umeweka sheria ya masoko ya mitandao, ikaanza kutumika mwaka 2023, na Septemba mwaka huo ukawataja walinda lango sita wa kwanza: Alphabet, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Aprili 2025 Apple ikatozwa faini ya yuro milioni 500, kwa kuwa iliwazuia wenye programu wasiwaambie wateja kwamba nje ya duka lake yako mauzo rahisi zaidi. Niliposoma khabari hiyo nilimkumbuka yule mzee na mpunga wake. Na jirani zetu Kenya, mwaka 2014, mamlaka ya ushindani iliitaka Safaricom iwaache mawakala wake wa fedha wahudumie na makampuni mengine. Aliyejenga njia hakunyang’anywa. Aliambiwa tu asiifunge.

Lakini mtawala naye ana mpaka wake. Bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie, akakataa, na kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu kupanga bei ni haramu, ijapokuwa wako wanavyuoni walioruhusu wakati wa dhiki. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliweka kwamba makampuni ya teksi za simu yasichukue kwa dereva zaidi ya 15 kwa mia. Madereva wakafurahi, Uber ikasimamisha kazi Aprili, mpaka kiwango kikapandishwa kuwa 25 kwa mia, nayo ikarejea mapema mwaka 2023. Simlaumu aliyewahurumia madereva. Nasema tu kwamba kufungua njia ni kazi moja, na kupanga bei ya wapitao ni kazi nyingine, na ya pili humponyoka aifanyaye.

Limebaki la kusimamia, nalo ndilo gumu. Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, ameeleza kwamba kadhi hungoja mshitaki, na muhtasibu hangoji. Akiuona munkari sokoni huukataza. Na wakulima wetu hawashitaki, kwa kuwa mwaka ujao watahitaji lango lile lile. Ila muhtasibu wa zamani aliiona mizani kwa macho yake, na mpango wa khabari ndani ya simu hauonekani. Asiyepewa kufungua daftari la mwenye soko huyo si muhtasibu. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 iliipa Tume uwezo wa kudai nyaraka, ikaweka na faini ya baina ya 5 na 10 kwa mia ya mapato ya mwaka. Sidhani Tume itayaacha makampuni makubwa ije kutazama kundi la simu la Mpanda. Basi huku kwetu muhtasibu atakuwa nani, ikiwa shekhe naye amekaa chini ya mabati ya mshitakiwa?

Nilimwita baada ya swala ya Isha, nikamwambia: ushuru wako ni halali. Sharti lako la kuwanyamazisha watu ni batili. Chagua uwe dalali au mnunuzi. Na ukishindwa kuchagua, kila ukinunua mtajie muuzaji bei ya Dar es Salaam ya siku ile kabla hajakubali. Nao uliowaficha bei ukanunua kwao, wana haki ya kukurejea.

Alinyamaza kitambo kirefu, akaaga. Baada ya wiki mbili yule mzee alirudishwa kundini, na sharti likafutwa. Kununua hajaacha, na bei huitaja siku nyengine na siku nyengine haitaji. Madrasa ina chumba cha pili kisichoezekwa; mwaka huu nimewaomba wazazi wachange.