UTULIVU WA MOYO KABLA YA MTIHANI NA BAADA YAKE
Nasaha kwa wazee wa pwani wenye vijana wanaosomea uuguzi Moshi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeumba ugonjwa akauumbia na dawa yake, akawajaalia baadhi ya waja wake kuwa sababu ya kupona kwa wenzao. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, watu wa Tanga na Pangani, na wa Bagamoyo na Kilwa, na kila aliye pwani: jueni ya kuwa mto Pangani unaomwaga maji yake katika bahari yetu, asili yake ni vijito vya Kilimanjaro na Meru. Zamani wazee wetu walikwenda Moshi kwa misafara ya miguu. Kisha mwaka 1911 reli ya Tanga ikafika huko. Leo vijana wetu wanapanda mlima ule kwa haja iliyo bora kuliko biashara. Wanakwenda kutafuta elimu ya kuwauguza wagonjwa, katika chuo cha KCMC, ambayo hospitali yake ilifunguliwa mwaka 1971, na katika chuo cha Kibosho kilichoko mlimani, na penginepo.

Na kijana anapomaliza masomo yake huwa bado amebakiwa na mlango mmoja. Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu kumgusa mgonjwa kwa jina la muuguzi. Humpasa afanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ndipo aandikwe na apewe leseni. Na katika mlango huu ndipo tunapoona nyoyo nyingi zikitetemeka: ya kijana kule Moshi, na ya baba yake huku pwani. Basi tumependa kuandika maneno machache juu ya utulivu, asaa Mungu akayatia manufaa.

MTIHANI HUU UNA ASILI KATIKA DINI

Wako wasemao: Mtoto amesoma miaka yote hii, amefaulu chuoni, mtihani mwengine wa nini? Maneno haya ni ya mtu asiyefikiri. Imepokewa na Abu Daud na wengineo ya kuwa Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Katika hadithi hii mna jambo kubwa: haitoshi mtu kujidhania kuwa anajua, lazima elimu yake *ijulikane*. Na elimu hujulikana kwa kuulizwa.

Na mwaka 319 wa Hijra, nao ni mwaka 931 wa Miladi, mtu mmoja alikufa katika mji wa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir alipopata khabari, aliamrisha asitibu mtu yeyote ila baada ya kutahiniwa na Sinan bin Thabit bin Qurra, mkuu wa matabibu. Wakatahiniwa watu zaidi ya 860 katika mji ule mmoja. Basi Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ambayo Baraza linaifuata katika nchi yetu, inakwenda katika njia ambayo Waislamu waliipita zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Wala asiseme mtu ya kuwa uuguzi ni kazi duni. Katika vita vya Handaki, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume (S.A.W.) alimweka katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi katika msikiti wenyewe. Kazi iliyofanywa ndani ya msikiti wa Mtume haiwezi kuwa aibu kwa binti yako wala kwa mwanao wa kiume.

UTULIVU SI UVIVU

Watu wengi huchanganya utulivu na uvivu. Huyu hujilaza na kusema: Nimetawakali. Naye hakutawakali, bali amelala tu. Katika sura ya Aal Imran Mwenyiezi Mungu amemfundisha Mtume wake kushauriana, kisha kuazimia, kisha ndipo kumtegemea Yeye. Tazama namna tegemeo lilivyokuja baada ya azma, wala halikuja mahali pa azma. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza kisha amtegemee.

Na ukitaka mfano wa jambo hili, utazame Kilimanjaro. Wachaga huchimba mifereji waiitayo mifongo, wakayatoa maji katika mito ya juu msituni, na kuyateremsha mbali mpaka kwenye migomba na kahawa zao. Hapana mwenye akili kule aketiye chini ya mgomba akingoja maji yaje yenyewe kwa kuwa Mungu ni Mwenye kuruzuku. Wala hapana achimbaye mfongo akadai ya kuwa yeye ndiye aliyeileta mvua. Kuchimba ni juu yao, na mvua ni ya Mola wao. Basi na mwenye kutahiniwa vivyo hivyo: kusoma ni juu yake, na matokeo ni ya Mola wake. Akiyachukua yote mawili juu ya kichwa chake, ataelemewa. Na akiyaacha yote mawili, ataangamia.

KABLA YA MTIHANI

Kwanza, asome kidogo kidogo na kwa kudumu. Wanaopanda Kibo, kilele chenye kimo cha mita 5,895, huambiwa na viongozi wao neno letu la Kiswahili: pole pole. Mwenye kukimbia siku ya kwanza huumwa kichwa na kutapika, na pengine huteremshwa kwa machela; na aendaye taratibu hufika. Vile vile mwenye kulimbikiza masomo ya miaka katika usiku mmoja.

Pili, alale. Usingizi ni neema iliyotajwa katika Kurani kuwa ni mapumziko. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya sala ya Isha. Akeshaye usiku wa kuamkia mtihani huingia chumbani na mwili wenye kutetemeka na akili yenye ukungu. Na ale kidogo asubuhi, kwani hata sala, iliyo nguzo ya dini, tumekatazwa kuisimamia chakula kikiwa kimekwisha andaliwa, ili moyo usitangetange. Ikiwa ni hivyo mbele ya Mungu, itakuwaje mbele ya karatasi?

Tatu, ajiepushe na wauzao maswali. Hutokea watu wakanong'ona: Mtihani umevuja, leta fedha. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akautia mkono wake ndani, akakuta chini ni majimaji na juu ni kavu, akamkanusha mwenye kughushi kuwa si katika sisi. Na leseni iliyopatikana kwa wizi ni chungu ile ile: juu kavu yenye mhuri, na chini ujinga uliolowana. Tafauti ni kwamba mnunuzi wa nafaka hupoteza fedha, na mgonjwa hupoteza roho.

Nne, asitafute utulivu kwa waganga wa ramli na hirizi. Imepokewa na Muslim ya kuwa amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, sala zake hazikubaliwi masiku arubaini. Je, ni utulivu gani huo, mtu kupoteza sala za siku arubaini ili aambiwe khabari ya karatasi ambayo bado haijaandikwa? Nyoyo hutulizwa kwa kumkumbuka Mungu. Na aombe alivyoomba Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni: alimwomba Mola wake ampanulie kifua, na amsahilishie kazi yake, na alifungue fundo la ulimi wake. Musa alikuwa Mtume, na bado aliomba kifua kipana. Basi asione haya kijana wetu kuwa na khofu. Khofu si dhambi. Dhambi ni kuifanya khofu iwe imamu.

NDANI YA MTIHANI

Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana ghadhabu. Wanavyuoni wamesema ya kuwa katika hukumu hiyo huingia kila kinachoishughulisha akili: njaa, na kiu, na khofu, na usingizi. Na muuguzi ni kadhi katika jambo lake. Yeye ndiye atakayehisabu kipimo cha dawa kwa uzani wa mtoto mchanga. Na nukta moja ikikaa mahali pasipo pake, mtoto hupewa mara kumi ya alichoandikiwa. Yeye ndiye atakayekuwa peke yake usiku wa manane, na mama aliyekwisha kujifungua anatokwa na damu haikomi. Saa ile hapana wakati wa kutetemeka.

Kwa hivyo, utulivu si pambo la mtihani, bali ni sehemu ya elimu yenyewe inayotahiniwa. Mwanafunzi na aseme Bismillahi, alisome swali mpaka mwisho, ajibu alijualo, na lile gumu aliache kisha alirudie. Ajizoeze mbele ya karatasi ule utulivu ambao kesho mgonjwa atamdai.

BAADA YA MTIHANI

Hapa ndipo penye taabu kubwa zaidi, kwani kabla ya mtihani mtu ana kazi ya kufanya, na baada yake hana ila kungoja. Wakitoka tu, vijana husimama langoni wakiulizana: Wewe uliandika nini? Na kila jibu huwa mwiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tukifanyie pupa chenye manufaa, tumtake msaada Mwenyiezi Mungu, wala tusilegee, na jambo likitusibu, tusiseme "lau ningefanya kadha," kwani neno hilo humfungulia shetani mlango. Karatasi imekwisha kukusanywa. "Lau" haitaandika tena herufi moja ndani yake.

Kisha matokeo hutoka, na watu huwa makundi mawili. Na dawa ya makundi yote mawili ni moja, iliyomo katika sura ya Al-Hadid, ambamo Mwenyiezi Mungu ametueleza ya kuwa mambo yameandikwa kabla ya kutokea, ili tusisikitike kwa kilichotupita, wala tusijivune kwa kilichotujia.

Aliyefaulu, na asujudu sijida ya shukrani, alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.) anapojiwa na jambo la kumfurahisha. Kisha akumbuke ya kuwa leseni si taji, ni amana. Tangu siku ile kila aingiaye wodini kwake, awe Mwislamu au asiwe, ana haki juu yake. Na katika Moshi yenyewe ana mfano mbele ya macho yake: KCMC ni hospitali yenye asili ya kanisa, na Mawenzi, yenye jina la kilele cha pili cha mlima, ni ya serikali, na katika zote mbili mgonjwa Mwislamu hulala kitanda kimoja baada ya jirani yake Mkristo. Damu haina kabila.

Na asiyefaulu, tunamwambia kwa mapenzi: subira ni ile ya pigo la kwanza. Lia ukitaka, kwani Mtume alilia. Walakini usiseme neno la kumchukiza Mola wako, wala usijifiche na watu. Kisha kaa na walimu wako, ujue ni wapi ulipopungukiwa, ukafanye tena. Mfongo uliobomoka huzibwa, hautupwi.

Lakini jihadhari, ewe kijana, na mlango mmoja mbaya mno. Baadhi ya walioshindwa huona haya kurudi, wakaenda mtaani au kijijini, wakawachoma watu sindano na kuwazalisha mama bila ya leseni, na watu huwaita "daktari". Huyo ndiye yule aliyetajwa katika hadithi ya mdhamini. Kushindwa mtihani si dhambi hata kidogo. Kumficha mgonjwa ya kuwa umeshindwa ndiyo dhambi. Aibu ya mwaka mmoja ni nyepesi kuliko diya ya roho ya mtu.

NENO KWA WAZEE

Na sasa twarudi kwenu, enyi wazee, kwani makosa mengi ya jambo hili ni yetu sisi tulio barazani kuliko ya watoto. Wewe umeuza minazi yako, umetoa fedha, nayo ni sadaka njema inshallah. Lakini kila baada ya Isha wapiga simu Moshi: "Usituaibishe. Jamaa wote wanakutazama." Je, maneno haya humwongezea elimu? Humwondolea usingizi tu. Na akishindwa wamwambia: "Fedha zangu zimepotea." Basi ulikuwa ukimsomesha kwa ajili ya Mungu na wagonjwa, au ulikuwa ukinunua sifa za baraza?

Mama yake Musa alimweka mwanawe mtoni, moyo wake ukawa mtupu kwa khofu, na Mwenyiezi Mungu akautia nguvu asije akaidhihirisha siri yake. Hakumfuata mtoto kwa makelele. Alimtuma dada yake amwangalie kwa mbali. Fanyeni hivyo. Tumeni salamu, tumeni masurufu mapema ili asishinde njaa, semeni: "Mwanangu, umefanya lililo juu yako, sisi tu radhi nawe, ukifaulu au usifaulu." Neno hili ni bora kuliko hirizi mia. Na dua ya mzazi ni katika dua zisizorudishwa. Basi ifanyeni iwe kwa ajili yake, msiifanye kuwa mzigo juu yake.

Ewe Mola, wapanulie vifua vijana wetu walioko Moshi na kila mahali. Wape elimu yenye manufaa, na mikono yenye huruma, na nyoyo zisizotetemeka mbele ya mgonjwa. Waliofaulu wajaalie kuwa waaminifu, na walioshindwa wape azma ya kurudi. Na sisi wazazi wao tupe ndimi za kuwatuliza. Amin.

Wabillahi ttaufiq.