Siku Kumi za Yeremia

Katika zama hizi ambazo mabango ya manabii yametanda kando ya barabara za Dar es Salaam na Nairobi, na sauti zao husikika redioni tangu alfajiri, mimi hupenda kurejea kwenye kisa cha Yeremia bin Hilkia wa Anathothi, kwani sijaona kinachodhihirisha kuliko hicho mahali ilipokaa nguvu ya kulinena neno la Mungu.

Mwaka wa nne wa kutawala kwake Sedekia, mfalme wa Yuda, Yeremia alikuwa amejivika nira ya mti shingoni, ishara kwamba taifa halina budi kumtumikia mfalme wa Babeli. Hapo Hanania bin Azuri, nabii wa Gibeoni, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na umma wote, akatangaza kwamba kabla ya kutimia miaka 2 mateka watarejea pamoja na vyombo vya hekalu. Na Yeremia alipoitikia amina, lakini akakumbusha kwamba nabii wa amani huthibitika neno lake likiisha kutokea, Hanania akaitwaa ile nira akaivunja. Aghalabu umma uliochoka humwona mtu kama huyo kuwa ndiye mwenye upako. Yeremia naye akaenda zake. Hakuwa na neno jipya, na kwa kuwa hakupewa hakulibuni, ijapokuwa kuondoka kule kulimfedhehesha hadharani. Ujumbe kwamba badala ya ile nira ya mti itakuja ya chuma ulimjia baadaye.

Wengi hustaajabia zaidi lile gombo la maneno ya Yeremia ambalo mfalme Yehoyakimu alilikata kwa kisu cha mwandishi na kulitupa motoni kipande kwa kipande, na Baruku, mwandishi wa Yeremia, akaliandika upya kwa imla yake, likiwa refu kuliko la kwanza. Ni ajabu kweli. Lakini kwangu kile kimya kina uzito zaidi, maana Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walifariki dunia wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako, na tangu hapo sijawahi kuisikia haraka katika jina la Mungu bila ya kuingiwa na hofu.

Yerusalemu ulipokwisha kuanguka, masalia wa watu, wakiwaogopa Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, na huku nyuso zao zimekwisha kuelekea Misri, walimwendea Yeremia wakaapa kulitii neno lolote atakalowaletea, liwe jema au baya. Jibu lilichukua siku 10. (Nadhani watayarishaji wa vipindi vyetu vya redio wasingemvumilia hata dakika 10.) Lilipokuja, akawaambia wabaki, nao wakamwita mwongo aliyechochewa na Baruku, wakamchukua pamoja nao hadi Misri, na alipofika Tahpanhesi akaendelea kuwatolea habari zile zile wasizozitaka.