Baiskeli ya Kukunja Ikitiwa Mota, Bado ni Baiskeli?

Anayejenga baiskeli ya umeme kutokana na fremu ya kukunja huanza na kitu ambacho mwenzake alikwisha kukikamilisha. Mfano mzuri ni Brompton, baiskeli ambayo Andrew Ritchie alianza kuibuni mjini London mwaka 1975. Fremu yake ina bawaba katikati, usukani una bawaba yake, na gurudumu la nyuma huzunguka likaingia chini ya fremu, hata chombo kizima kikawa furushi la kubebwa mkononi. Fundi hutoa gurudumu la mbele na kuweka jingine lenye mota ndani ya habu. Hufunga sensa kwenye pedali, hupitisha waya kando ya bawaba kwa namna ambayo hautabanwa fremu inapokunjwa, kisha huweka betri ya volti 36 ndani ya mkoba wa mbele. Kazi ikiisha, yanazuka maswali mawili ambayo watu huyachanganya: je, hii ni baiskeli ile ile? Na je, ingali baiskeli?

Swali la kwanza ni la kale. Plutarch ameeleza jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile, wale wakisema siyo. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliongeza ugumu: itakuwaje mtu akiziokota mbao za zamani zote na kuziunga tena kwa mpangilio ule ule? Merikebu zitakuwa mbili, na kila moja ina hoja ya kudai jina. Kwa baiskeli jambo hili si la kufikirika tu. Gurudumu lililotolewa linaweza kufungwa kwenye fremu nyingine jioni ile ile, na hakuna atakayesema kwamba Brompton sasa ziko mbili. Watu huifuata fremu. Ndiyo yenye namba, na ndiyo yenye bawaba zinazoifanya baiskeli ikunjike. Aristotle angeafiki kwa sababu nyingine: kitu kilichotengenezwa kwa mikono hutambulika kwa umbo lake na kwa kazi kiliyofanyiwa, kuliko kwa maada yake. Maadamu inakunjika na kumfikisha mtu aendako, fremu hiyo haijapoteza nafsi yake.

Swali la pili ni zito zaidi, kwa sababu linahusu nguvu. Kitu chaweza kubaki kile kile kwa fremu na namba, kikawa kimehama jinsi yake. Sheria za Ulaya zimejaribu kuweka mpaka: mota isizidi wati 250 za nguvu endelevu, ifanye kazi wakati mpandaji anapopiga pedali tu, na ikate msaada mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ikivuka hapo, sheria haiihesabu tena kuwa baiskeli. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 iliruhusu mota ya chini ya wati 750. Kama mpaka wa asili ungekuwa katika wati, mataifa haya yasingetofautiana mara tatu.

Tena hesabu ya wati yenyewe inazua shaka. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, hutoa kiasi cha wati 100 akipiga pedali kwa muda mrefu. Basi mota inayoitwa msaidizi inaweza kutoa zaidi ya mara mbili ya anachotoa yule anayesaidiwa. Anayesema baiskeli ni chombo kinachosukumwa zaidi na mwili kuliko na mashine atalazimika kuziondoa katika jamii ya baiskeli hata zile ambazo sheria imezibariki. Kipimo cha wingi wa nguvu hakifai. Kinachobaki ni kuuliza nani anaanzisha mwendo, nani anausimamisha, na kama mashine inaisikiliza jitihada ya mpandaji.

Hapo sensa ndogo iliyofungwa karibu na pedali inageuka kuwa jambo la falsafa. Aina moja husoma tu kwamba pedali zinazunguka. Sumaku zinapita mbele ya sensa, ishara inakwenda kwenye kidhibiti, mota inawaka. Mpandaji anaweza kuzungusha miguu hewani bila kusukuma chochote na baiskeli ikaenda kwa kasi yake yote. Pedali imekuwa swichi. Aina ya pili hupima mkazo wa mguu. Akisukuma kidogo hupewa kidogo, akikaza hupewa zaidi, akilegea mota hulegea naye. Kwa nje baiskeli hizi mbili hazitofautiani, na sheria huzihesabu sawa. Hata hivyo ya pili ina haki zaidi ya kuitwa baiskeli, kwa kuwa ndani yake juhudi bado ni juhudi. Katika ile ya kwanza mtu amebaki abiria anayeigiza kazi.

Ivan Illich, padri Mkatoliki aliyeacha shughuli za upadri mwaka 1969, aliitazama baiskeli kwa jicho la haki. Katika maandishi yake ya miaka ya 1970 kuhusu nishati na usawa alieleza kwamba mwenye baiskeli huenda mara tatu au nne ya kasi ya mtembea kwa miguu, ilhali kwa umbali ule ule hutumia nguvu mara tano pungufu. Alidai pia kwamba usafiri ukipita maili kama 15 kwa saa, mmoja hawezi kuokoa muda wake bila kumla mwingine muda. Kiwango hicho ni karibu sawa na kilomita 25 za sheria ya Ulaya, ingawa watunga sheria walikuwa wakifikiria usalama barabarani, na Illich alifikiria nani anamtawala nani. Hakuikataa mota. Aliitaka ibaki msaidizi wa nguvu ya mwili, isiwe bwana wake. Alithamini pia chombo ambacho mtumiaji anaweza kukifahamu na kukitengeneza. Kwa kigezo hicho, aliyejifungia mota kwa mikono yake yuko karibu na Illich kuliko aliyenunua baiskeli ya umeme ambayo kidhibiti chake kimefungwa asikiguse.

Lakini uhuru wa kujijengea una gharama yake, na gharama hiyo huonekana kwenye foku inayoshika gurudumu la mbele. Nafasi kati ya mikono ya foku ya Brompton ni milimita 74, wakati baiskeli nyingi zina 100, hivyo mota lazima iwe nyembamba. Ekseli yake aghalabu haiingii, na fundi huchukua tupa akapanua tundu kidogo kidogo. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli hujipinda kuelekea nyuma kwa nguvu ile ile. Pasipokuwa na kipande cha chuma cha kuishikilia, nati hulegea, ekseli huchomoka, na mpandaji huanguka kifudifudi. Betri ni jambo jingine tena. Seli 10 za lithiamu zilizofuatana hufika volti 42 zikijaa. Kukiwa na seli dhaifu isiyosimamiwa na saketi ya ulinzi, kuchaji kunaweza kuwasha moto ambao maji huchelewa kuuzima.

Tarehe 31 Machi 2025, Transport for London, mamlaka ya usafiri wa jiji hilo, ilizuia baiskeli za umeme zisizokunjwa katika sehemu kubwa ya treni zake, baada ya moja kuwaka katika kituo cha Rayners Lane mwezi wa Februari. Za kukunja ziliruhusiwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba hazielekei kuwa zimebadilishwa kwa vifaa vya kuongezewa. Aliyejijengea ya kwake anaingia kupitia mlango huo huo. Abiria wa jirani anaona fremu inayojulikana, anatulia, na utulivu wake umejengwa juu ya umbo ambalo halisemi tena kilichomo ndani. Kwa mmiliki ni baiskeli ile ile. Kwa jirani imekwisha kuwa nyingine bila yeye kuambiwa, na jibu la Aristotle kuhusu umbo na kazi halimsaidii, maana kinachomhusu ni ile maada iliyopuuzwa: seli, waya na jinsi vilivyoungwa.

Fundi mwenye kiwanda nyuma yake hugawana dhamana na wapimaji na wakaguzi. Anayejijengea nyumbani ameibeba yote peke yake. Ikiwa hawezi kumfungulia abiria huyo mkoba, akamwonyesha saketi ya ulinzi na kumweleza kwa nini betri yake haitawaka, basi asiingie nayo kwenye treni, hata kama kanuni inamruhusu.