Moyo Unaosomwa Kutoka Mbali

Babati ni mji wa njia panda. Barabara ya Arusha, ya Singida na ya Dodoma zinakutana hapa, na hiyo ya Dodoma, inayopita Kondoa, ni kipande cha njia ya zamani iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Ndiyo maana wenyeji hawashangai tena wakiona gari lenye namba za Ujerumani au Afrika Kusini, lenye kitanda na jiko ndani na sola juu ya paa, likitafuta pa kulala jirani na ziwa lenye viboko. Baadhi ya wanaoshuka humo ni wastaafu, na kwa wastaafu wa Ulaya betri ya moyo si kitu cha ajabu.

Betri hiyo, ambayo madaktari huiita pesimeka, hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Moyo ukizubaa, kifaa huuchochea. Za siku hizi hutoa pia taarifa. Usiku mwenyewe akiwa amelala, kifaa huwasiliana na kisanduku kilichowekwa karibu na kitanda, au na simu yake, na habari za mapigo yake husafiri kwa mtandao hadi kliniki. Mtu aliyelala ndani ya gari lake Babati anaweza kusomwa Hamburg kabla hajanywa chai. Je, mtu huyu ameondoka nyumbani kweli?

Jibu la haraka ni kwamba hajaondoka, amerefushiwa kamba tu. Wapo wanaoishi ndani ya magari hasa ili wasitafutwe, na kwao kifaa kinachotoa ripoti kila usiku ni msaliti aliyeshonewa kifuani. Lakini jibu hilo linadhani kuwa uhuru ni kutoonekana. Arne Larsson, mtu wa kwanza duniani kuwekewa pesimeka mwilini, tarehe 8 Oktoba 1958 huko Solna, Sweden, alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku na kuzinduliwa na wahudumu. Hakukuwa na mtambo wowote uliomchungulia kutoka mbali, na hakuweza kwenda popote. Kifaa chake cha kwanza kilizima baada ya saa chache. Alibadilishiwa vingine zaidi ya 20, akaishi hadi 2001, akafariki akiwa na miaka 86. Daktari aliyempasua, Åke Senning, na mhandisi aliyekitengeneza kifaa, Rune Elmqvist, wote walikuwa wamemtangulia kaburini.

Tusilikuze mno jicho hilo la kliniki ya mbali, kwani nalo hukosea. Betri nyingi zina kihisi cha mtikisiko: mwenye nayo akitembea, kifaa huhisi mwili unatikisika, kikaamini yuko kazini na kuongeza mapigo. Sasa mpandishe mtu huyo gari linalopita barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ilivyokuwa njia ya Kondoa kabla ya lami ya Dodoma hadi Babati kuzinduliwa mwaka 2018. Ameketi, ameshikilia kiti kwa mikono miwili, na kifaa kinaweza kudhani anapanda mlima Kwaraa. Kwenye ripoti ataonekana mtu mwenye bidii ya mazoezi, na daktari wa mbali anaweza hata kumpongeza.

Abiria wa mabasi ya Babati wanaujua uangalizi wa aina nyingine. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hufuatilia mabasi ya mikoani kwa kifaa kinachoonyesha gari liko wapi na linakwenda kasi gani. Dereva hujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka, na mwendo ukizidi, kifaa hupiga kelele ambazo basi zima husikia. Dereva anaweza kununa, lakini mama aliyepakata mtoto kiti cha nyuma anapata usingizi. Uangalizi huu una meno: kuna faini, na leseni inaweza kusimamishwa. Anayeona ndiye huyo huyo anayeweza kuchukua hatua.

Kwa moyo wa msafiri mambo ni tofauti. Kliniki huwaambia wagonjwa wazi kwamba kusomwa kwa mbali si huduma ya dharura, na mara nyingi taarifa husomwa saa za kazi. Ishara ya Ijumaa usiku inaweza kungoja hadi Jumatatu. Hata ikisomwa papo hapo, msomaji ana simu tu mkononi, wakati mgonjwa yuko kilomita 170 hivi kutoka Arusha, na Hospitali ya KCMC ya Moshi iko mbele zaidi. Kompyuta maalumu ya kurekebishia betri ya kampuni moja, nayo, haisomi ya kampuni nyingine. Jicho limevuka bahari. Mkono bado uko Hamburg.

Mkazi wa Babati mwenye betri kama hiyo huishi kinyume chake. Yeye anaweza kupanda basi kwenda Dodoma, na tangu 2024 kuunganisha na treni ya umeme hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, au aende hospitali nyingine inayopima vifaa hivyo. Mgeni hutuma habari za moyo wake. Mwenyeji huubeba moyo wenyewe. Safari ni ndefu na nauli inauma. Hata hivyo, akishafika, kisomeo huwekwa juu ya kifua chake, muda uliobaki wa betri husomwa mbele yake, na kama kuna cha kurekebisha, hurekebishwa kabla hajainuka kitandani.

Marie Moe, mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Norway, alipandikiziwa pesimeka, na baadaye akiwa London alipanda ngazi za kituo cha treni za chini ya ardhi. Mapigo yake yakaporomoka ghafla kutoka 160 hadi 80, akaishiwa pumzi. Ilikuja kubainika kwamba kompyuta ya hospitali ilionyesha mpangilio mmoja, huku kifaa kikifuata mwingine. Kilichogundua kosa kwanza ni mapafu yake. Mmarekani Hugo Campos, mwenye kifaa cha kushtua moyo, naye alipigania haki ya kuona taarifa za kifua chake mwenyewe, ambazo kampuni na kliniki zilikuwa zikiziona bila yeye. Mtu wa namna hii anaonekana na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na hapo uangalizi wenyewe unaanza kutia shaka.

Mfano wa jicho lililofungamana na mkono uko karibu zaidi. Mpango wa M-Mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito au mzazi aliyepata dharura kuombewa msaada kwa simu namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika jamii, naye hulipwa kwa simu. Mama huyo hana kifaa chochote mwilini, lakini yupo mtu ambaye kazi yake ni kuja. Kwa kipimo hicho anaangaliwa vizuri kuliko mstaafu mwenye kisanduku kando ya kitanda.

Mstaafu huyo pia ameukwepa uangalizi wa zamani. Angelala gesti angeandika kitabu cha wageni: jina, anakotoka, anakokwenda. Kwa kulala ndani ya gari lake anaweza asiandike popote. Hakuna kinachomzuia kumweleza mlinzi wa pale alipoegesha kuhusu betri yake, na kumwachia namba ya kupiga usiku. Huenda wengi hawafanyi hivyo, na sababu si lugha tu. Daktari wa mbali anajua mapigo yake yote bila kumgusa wala kumdai chochote. Mlinzi akishajua, kesho atagonga dirisha kuuliza ameamkaje, atamweleza mkewe, na kufikia saa nne mgeni atakuwa ameshaletewa ushauri wa kitunguu saumu.