Kicheko cha Muuaji

Mtu wa Ujiji aitazamapo filamu ya The Last King of Scotland (2006) ana sababu mbili za kuitazama kwa makini. Yule jambazi aliyeshika dola ndiye ambaye majeshi yake yaliivamia Kagera mwaka 1978 na kuitia Tanzania vitani. Pili, kisa chenyewe kinaonwa kwa jicho la mgeni kutoka Scotland, na Ujiji imeyazoea macho ya namna hiyo.

Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hii na kutunukiwa Oscar mwaka 2007, anamwigiza Idi Amin hata mtazamaji akampenda kabla hajamwogopa. Hutania, hucheka, humkumbatia mgeni kama mjomba aliyerudi safari na zawadi. Kisha jicho hubadilika, na chumba kizima hunyamaza.

Je, ni halali kumpa haiba muuaji ambaye makadirio mengine humhesabia maiti 300,000? Ni halali, tena ni wajibu. Kampala ilimshangilia Januari 1971, na walioshangilia hawakuwa wapumbavu. Mwigizaji ambaye angeonyesha meno ya fisi tangu mwanzo angemwacha mtazamaji ajidanganye kwamba yeye asingehadaika. Whitaker anamnyima faraja hiyo. Mtazamaji amekwisha kucheka pamoja na muuaji, na kicheko hakirudishwi kinywani.

Lawama iende kwingine. Kay, aliyekuwa mke wa Amin, alikufa kweli mwaka 1974, na maiti yake ikakutwa imekatwakatwa. Daktari aliyehusishwa na kifo hicho alikuwa Mganda, naye akafa siku zizo hizo. Filamu ikamwondoa, ikamweka mahali pake Nicholas Garrigan, kijana wa kubuni. Marehemu yule akanyang'anywa hata msiba wake.

Hapo ndipo mtu wa Ujiji hujikuta nyumbani. Chini ya miembe, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, umejengwa mnara wa wageni wale wawili. Njia ya kutoka hapo kwenda Tabora hadi Bagamoyo ilikanyagwa na watumwa na wapagazi wasio na idadi, wengi wao wakiwa wamevushwa ziwa kutoka Manyema, na wazao wa baadhi yao wangali wakaazi wa mji huo. Mnara hautaji jina lao hata moja.

Ajabu ni kwamba filamu yenyewe inalijua kosa lake. Mwishoni, wakati wa mateka wa Entebbe mwaka 1976, daktari Mganda, Junju, anamtorosha Garrigan ili akausimulie ulimwengu, kwa kuwa yeye ni mzungu, ataaminiwa. Junju anauawa palepale uwanjani. Ndege inaruka, na kamera inaondoka na mgeni.