Usimpe Shujaa Nguvu Bila Mwiko

Mwanangu,

Mswada wako nimeusoma wote, tangu ramani uliyoichora mwanzoni mpaka vita vya mwisho. Nimefurahi kuona kijana anakaa chini na kuumba nchi nzima kwa fikra zake, yenye wafalme, mito, mizimu na lugha yake. Kazi hiyo ni ya heshima. Wazee wetu waliifanya kwa mdomo, watu wakaziamini hadithi zao hata wakaziishi. Ninyi mnaifanya kwa kompyuta, na yatakayopokelewa na wasomaji wenu ndiyo yatakayokuwa visasili vya wajukuu zenu. Kwa hiyo sitakupa sifa tupu. Nina nasaha moja, na nitakueleza kwa mapana kwa nini naishikilia: usimpe mtu nguvu katika hadithi kabla hujampa mwiko wake.

Shujaa wako anatoa moto viganjani. Sura ya kwanza anachoma lango, ya tatu anachoma jeshi, ya tisa anateketeza mji. Hachoki, haugui, hadaiwi na mtu. Nilipofika katikati sikumwogopea tena, na msomaji asiyemwogopea shujaa hana sababu ya kuendelea kusoma. Katika ngano zetu dawa haitolewi bila masharti: usigeuke nyuma, usimjibu atakayekuita njiani, usifungue kibuyu kabla ya kufika. Msikilizaji hukaa macho kwa ajili ya masharti hayo, maana anajua binadamu atageuka tu.

Mtazame Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga utendi wake mwaka 1913, lakini kisa chenyewe ni cha zamani zaidi katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Liyongo ni jitu la miraba minne, silaha hazimdhuru. Mfalme wa Pate anamwogopa na kumtia gerezani. Sasa angalia anavyotoka. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi hula kila kizuri, wakamwachia makombo. Liyongo anamtumia mama yake ujumbe uliofumbwa ndani ya wimbo. Mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau, wanamrushia mfungwa. Kisha anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na ngoma inapokolea ndipo anapokata minyororo, sauti ya tupa isisikike. Hapo hakuna muujiza hata mmoja. Pana ulafi wa walinzi, akili ya mama, uaminifu wa kijakazi na kelele za ngoma, na kwa sababu hiyo twaamini kila neno.

Halafu uje mwiko. Mwili ule usiopenywa na mkuki unauawa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaipata mwanawe wa kumzaa, aliyekwisha kuhongwa na mfalme kwa ahadi ya kuozwa binti yake. Kijana anamchoma baba yake akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutia mshale, na hapo anakata roho. Mji unakosa maji, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumkaribia. Ona gharama ilivyofika mbali: mfalme ndiye aliyepanga mauaji, lakini wanaokaa na mitungi mitupu ni watu wa mji.

Nchi nayo ina mwiko wake. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, aliiweka nchi yake ielee angani. Ajabu hiyo hakupoteza kurasa kuifafanua. Alilolijenga kwa uangalifu ni baraza la hukumu. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja aliishia kifungoni. Ukimfikia mjumbe wa tatu umekwisha kuijua Kusadikika: mleta heri huadhibiwa. Msomaji wa Tanganyika ya wakati wa Mwingereza hakuhitaji kutafsiriwa. Sasa niambie, katika ufalme wako uliojengwa kileleni, nani anapandisha maji? Jeshi lako linalovuka jangwa linakula nini, na limemnyang'anya nani? Ukiyajibu hayo, utaijua nchi yako kuliko ramani inavyoijua.

Najua umempenda Tolkien. Watu wako wa msituni wenye pinde na masikio marefu nimewatambua mara moja. Sikukatazi kumpenda, lakini ujue alivyofika alikofika. Alikuwa profesa wa lugha Oxford, na kabla Bwana wa Pete hajatoka mwaka 1954 na 1955 alikuwa amekaa miaka mingi akibuni lugha, moja kwa kuvutwa na Kifini, nyingine na Kiwelshi. Kifini kilimpata kwa sababu ya Kalevala, na Kalevala ilipatikana kwa sababu daktari mmoja, Elias Lönnrot, alizunguka vijiji vya Karelia akiandika nyimbo kutoka vinywani mwa wazee. Aliichapa mwaka 1835, akaipanua mwaka 1849, wakati Wafini wangali chini ya mfalme wa Urusi. Hata pete ya Tolkien, mwanangu, ina mwiko: inamficha anayeivaa, nayo inamla roho kidogo kidogo. Ukitaka kumfuata kwa haki, acha masikio, ushike bidii. Nenda kwa wazee wa kwenu, kaa nao, uliza, andika.

Na ukienda, usiulize juu ya mizimu peke yake. Ulizia makatazo. Misitu ya kaya ya Wamijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na sehemu kubwa ya sababu ya kuwepo kwake hadi leo ni miiko: hukati mti, hupiti popote upendapo. Pembeni yake mashamba na nyumba vimejaa, ndani miti mikubwa ingali imesimama. Hicho ni kisasili kilichofanya kazi ambayo askari wa misitu wengi wameshindwa kuifanya.

Sasa nafika kwenye jambo zito kuliko yote. Mchawi wako ni bibi kizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Wanakijiji wanamchoma moto, na umeandika vigelegele. Mwanangu, huko Usukumani wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho hayo hayo. Yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipoadimika. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu kuna aliyesimulia kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kabla ya panga ilitangulia hadithi. Ilimpa msimuliaji nguvu, na gharama akaibeba mtu ambaye hakuulizwa.

Wala usidhani kwamba kutaja mwiko kunatosha. Mwaka 1905 maji ya dawa ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, yaliyosemekana kuzuia risasi, yaliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya Mjerumani, jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla. Dawa ile ilikuwa na masharti, miongoni mwake wasipore mali na wajitenge na wanawake. Watu walipoanguka kwa risasi, ikasemwa wamevunja masharti. Kisha ikaja njaa, ikaua wengi kuliko bunduki. Ebrahim Hussein alilipeleka jambo hilo jukwaani katika tamthilia yake Kinjeketile, mwaka 1969, bila kumdhalilisha aliyepigana na bila kumficha aliyekufa. Mfuate katika hilo. Mwiko ukitumiwa kumlaumu maiti, umekuwa ngao ya mwongo.

Basi uandike upya hivi. Chukua daftari, na kwa kila nguvu iliyomo katika mswada wako jibu maswali matatu: inapatikanaje, inakatazwa nini, nani analipa. Ukikuta anayelipa hana jina, mpe jina, umpe jiko lake, watoto wake na nafasi ya kusema. Anza na yule bibi. Kisha mrudie kijana wa moto, na kila lango analolichoma, shamba la mama yake likose mavuno msimu mmoja. Hapo atasita kabla ya kunyoosha mkono, na msomaji atasita pamoja naye.

Wapo watoto watakaokisoma kitabu chako kabla hawajajua lolote juu ya dunia. Kwako watajifunza nani aitwe shujaa, nani aitwe mchawi, na nani anayelipia ushindi wa wengine. Andika ukilijua hilo, na usione haya kuifuta sura nzima. Mola akupe subira ya kazi hii na ujasiri wa kuimaliza.